Fundi wa Mageti na Mavi ya Chuma

Cheche za Fundi zilinitobolea sketi tatu za sare za shule kabla mimi na yeye hatujasalimiana vizuri. Nilikuwa ndio nimekodi kibanda cha kushonea pale Kimbo, ukuta mmoja wa mabati ukinitenganisha na karakana yake. Siku ya tatu uvumilivu ukanishinda. Nikatoka na sketi mkononi nikamwambia, "Wewe mzee, hii sasa utaivaa wewe?" Akazima mashine yake ya kuchomelea. Akaichukua sketi, akalipapasa lile tundu kwa kidole gumba, akasema, "Hizi rodi ni mbaya. Zinatema sana." Utadhani nilikwenda kumuuliza habari za rodi! Nilirudi ndani nikibamiza mlango. Kesho yake asubuhi nikakuta ameongeza bati lingine juu ya ule ukuta, limepigwa misumari sawasawa, na yeye anakunywa uji wake kama hajui lolote.

Neno samahani sikuwahi kulisikia kinywani mwake. Alikuwa akikukosea, unakuta kitu chako kimetengenezwa.

Jina lake sitalitaja. Kimbo nzima ilimwita Fundi, na hata kanisani, alikokuwa mzee wa kanisa, mchungaji alitangaza tu, "Fundi atatuombea." Alizaliwa wapi na kwa nani, sikuuliza. Mimi nilimkuta tayari ana mvi, ana kovu la kuungua kwenye kila kidole, na ana kofia moja ya sufi ambayo hakuivua hata jua likiwaka vipi. Nilikaa jirani yake miaka kumi na minne. Nimegombana naye kuliko nilivyogombana na marehemu mume wangu, na ninamlilia hivyo hivyo.

Maneno yake yalikuwa machache sana. La kwanza lilikuwa "tuone." Mteja akija na picha ya geti kwenye simu, geti lenye simba wawili na maua, Fundi alisema tuone. Mvua ikitishia, tuone. Serikali mpya ikichaguliwa, tuone. La pili lilikuwa "pima tena," na hili aliniambia hata mimi, mshonaji, mtu ambaye futi ya kupimia ni kama mkufu shingoni mwake. "Mama Shiru, pima tena." Nilikuwa namjibu, "Fundi, hebu shughulika na vyuma vyako." Na nikishapima tena, mara nyingine, Mungu anisamehe, nilikuwa nakuta nimekosea.

Alitengeneza mageti ya nusu ya nyumba za Ruiru, yale mazito yanayofunguka bila kulia, lakini kwake Mwihoko hakuwa na geti. Kulikuwa na mlango wa mbao uliofungwa kwa kamba. Nilimuuliza. Akasema, "Mwizi akiona geti langu atadhani ndani kuna kitu." Kisha akacheka peke yake, jambo ambalo ulilipata labda mara mbili kwa mwaka.

Tena alikuwa mtu wa Biblia kabisa, mtu wa kufunga na kuomba, lakini kuna mambo mengine alifanya ambayo hayamo katika Biblia yoyote ninayoijua mimi. Hakuna mtu aliyeruhusiwa kuruka nyundo yake. Hakuna aliyekalia kile kipande cha reli alichotumia kama fuawe. Siku moja mteja mmoja, jamaa mnene wa suti, alikalia kile chuma akipiga simu. Fundi alimwinua kwa mkono, taratibu, kama mtu anayemwinua mtoto kanisani. Na kila asubuhi kabla ya kuwasha mashine alichovya vidole katika mkebe wa maji ya kuzimia chuma, akanyunyiza mlangoni. Nilipomuuliza alisema anazima vumbi. Nikamwambia, "Vumbi gani, na jana kumenyesha?" Akaniangalia. "Mama Shiru, wewe umezaliwa Ukikuyuni ama umezaliwa supermarket?"

Hapo nikakumbuka. Nyanya yangu alikuwa akituonya tukiwa wadogo: muturi, yule mhunzi wa zamani, hakuna mtu angemdharau. Laana yake haikuondoka, na maji ya kwenye karakana yake yalikuwa na nguvu. Watu walimwogopa, na wakati huo huo hawangeweza kuishi bila yeye, kwa sababu jembe, panga na mkuki vyote vilitoka mkononi mwake. Fundi alilijua hilo na lilimuuma. Sasa muturi amekuwa mtu wa kuitwa dirishani: "Fundi, kitasa kimekataa, kuja mbio."

Kazi alijifunza Thika, kwa Kalasinga mmoja mzee, Mhindi wa kilemba, aliyekuwa na karakana ya kutengeneza matrela. Alimpenda yule mzee. Alisema ndiye aliyemfundisha kusikiliza chuma, kukigonga na kujua kwa sauti kama ndani kimepasuka. Mzee huyo alipofariki, Fundi alifunga kazi siku nne, na nilimsikia kupitia kwenye bati akilia. Lakini kuna neno moja ambalo Kalasinga alipenda kumtania nalo wakati wa chai: "Wewe shukuru reli. Babu yangu ndiye aliwaletea chuma hapa. Nyinyi mlikuwa mnalima na vijiti." Wafanyakazi wote walicheka, na Fundi, kijana wakati huo, alicheka pia. Alinisimulia jambo hili labda mara ishirini, kila mara akimaliza kwa kusema, "Ilikuwa utani tu." Utani tu hausimuliwi mara ishirini.

Kwa hivyo niliposikia habari za yale mawe, nilielewa upesi kuliko watu wengine waliodhani mzee anaanza kuchanganyikiwa.

Alikuwa ameitwa kupima geti kwenye ploti moja upande wa Thika, mteremkoni, katika shamba la zamani la kahawa lililokatwa vipande. Mwenye ploti alikuwa anajenga nyumba za kukodisha. Vijana walikuwa wanachimba msingi kwenye ule udongo wetu mwekundu, na mahali fulani udongo ukageuka mweusi, ukatoka na mawe ya ajabu, mazito kuliko ukubwa wake, yana vitundu vitundu, mengine upande mmoja yametiririka na kuganda kama uji uliomwagika sufuriani. Wachimbaji walikuwa wanayatupa kando wakisema ni mawe ya volkeno. Fundi aliokota moja, akalipima kiganjani, akaligonga kwa nyundo, akalinusa. Kisha akaketi chini.

Yeye peke yake, kati ya watu wote waliopita pale, alikuwa ameona kitu hicho maisha yake yote. Ukichomelea chuma, juu yake hubaki ganda jeusi unalogonga na kulitoa. Ndiyo takataka ya chuma. Mafundi huiita mavi ya chuma, na mniwie radhi, ndilo jina lake. Palipo na mavi mengi namna ile, alisema Fundi, mtu alikaa akayeyusha. Halafu wakapata vipande vya bomba la udongo, nene kama mkono wangu, mdomo wake umeungua hadi ukawa kama kioo. Ulikuwa mdomo wa mvukuto, wa kupulizia moto.

"Mama Shiru," aliniambia jioni ile, "hapa palikuwa na watu. Walikuwa wanachukua mchanga mweusi mtoni, wanauosha, wanauyeyusha. Hapa hapa. Watu wa kwetu."

"Lini?" nikamuuliza.

"Hiyo ndiyo nataka kujua. Kabla ya reli ama baada ya reli. Hiyo tu. Nikijua hiyo, nitakufa nikiwa sawa."

Nimeyaandika maneno hayo kama alivyoyasema. Hakutaka kitu kingine, wala kutangazwa, wala kusifiwa. Alitaka kujua kabla ama baada.

Msichana wangu Shiru alikuwa anasoma chuo kikuu, amekodi chumba mtaa wa Kahawa Sukari. Nilimpigia nikamtumia picha. Akazipeleka kwa mhadhiri mmoja wa mambo ya kale, daktari mwanamke, kijana bado. Daktari akajibu kwamba atakuja, ila yuko safarini, wangoje wiki mbili, na mahali hapo pasiguswe. Pasiguswe! Mwambie hivyo mtu ambaye ameshalipia saruji. Mwenye ploti hakuwa mtu mbaya. Alimwambia Fundi, "Mzee, nakuheshimu, lakini mixer inakuja Jumatano. Chukua mawe yako." Ndipo Fundi akakodi mkokoteni, akachimba kwa mikono yake siku mbili, akayatoa yote. Gunia tano. Kwake Mwihoko hakukuwa na nafasi salama, karakana yake haikuwa na kufuli la maana, kwa hivyo akayaleta kwangu.

"Kaa nayo mpaka daktari afike," alisema. "Yatoe moja moja, uyaangalie vizuri, uniambie unaona nini. Wewe una macho ya sindano."

Nikasema sawa. Ilikuwa Januari, na yeyote anayejua kazi ya kushona sare anajua Januari ni nini. Mashati meupe arobaini yalikuwa yananingoja, na magunia matano ya udongo mwekundu yakimwaga vumbi katikati ya kibanda. Na mgeni alikuwa anakuja, daktari mzima wa chuo kikuu. Kwetu mgeni haonyeshwi kitu kichafu. Mama yangu angeamka kaburini. Basi nikachukua beseni, sabuni ya unga, na brashi ya waya niliyoichukua kwa Fundi mwenyewe, nikaketi nyuma ya kibanda nikaosha. Nilisugua Jumamosi nzima. Vile vitundu vilikuwa vimejaa weusi, nikavichokonoa kwa sindano kubwa ya magunia, kimoja kimoja, hadi vikawa safi. Nilimwaga maji mara sijui ngapi, meusi tititi. Kisha nikayapanga juu ya bati kwa ukubwa, kutoka dogo hadi kubwa, na vipande vya bomba kando. Yalipendeza, jamani. Nilijivunia.

Fundi alipokuja alisimama mbele ya lile bati. Akachukua moja, akalipapasa, akaingiza ukucha katika kitundu. Akalinusa. Nikadhani amezidiwa na furaha.

"Umefanya kazi kubwa, Mama Shiru," akasema.

Mimi nikaitikia, "Si ulisema niyaangalie!" Nilikuwa nacheka. Kila nikikumbuka kile kicheko changu natamani ardhi inimeze.

Daktari alifika, msichana mpole, akamshika Fundi mkono kwa mikono miwili na kumwita guka, yaani babu. Alipoyaona yale mawe macho yake yaling'aa, halafu akayashika, halafu uso ukabadilika, ingawa alijitahidi usibadilike. Akauliza kama tunaweza kumpeleka yalipotoka. Tukaenda. Pale palikuwa na jamvi la zege, limeshakauka, na vijana wanacheza karata juu yake.

Alitueleza akiwa amechuchumaa pale ukingoni, kwa lugha ambayo hata mimi niliielewa. Mavi ya chuma yenyewe ni vigumu kuyauliza umri. Kinachosema umri ni makaa yaliyochomwa pamoja nayo, yale yanayobaki yamekwama kwenye vitundu. Hayo yakipelekwa maabara yanapimwa. Na shimo lenyewe, namna lilivyokaa, nini kilikuwa chini na nini juu, nalo linasema. "Kwamba hapa chuma kiliyeyushwa, Guka, hiyo ni kweli, hakuna ubishi," alisema. "Lakini ni lini, siwezi kukuambia. Inaweza kuwa siku za baba ya babu yako. Inaweza kuwa zamani sana, sana. Sina la kushika." Alikuwa amevunja mawe mawili akitafuta kama kuna makaa yaliyofichika ndani. Hakupata kitu.

Kisha akauliza, na hakuuliza kwa ubaya, "Ni nani aliyaosha?"

Nilifungua mdomo.

"Ni mimi," akasema Fundi. "Sikujua. Mimi ni mtu wa mageti."

Nami nikaufunga mdomo wangu. Nilisimama pale, mwanamke mzima, mama ya mtoto wa chuo kikuu, nikamwacha mzee wa watu abebe beseni langu mbele ya mgeni. Daktari akamwambia asijilaumu, wengi hufanya hivyo. Akachukua vipande vichache vya bomba kwa kumbukumbu zao, akaandika mahali vilipotoka, akaaga. Tulirudi Kimbo mimi na Fundi. Alipofika alifungua karakana, akachukua rodi, akaendelea na geti la watu.

Hatukulizungumza tena. Nilijiambia nitalisema kesho. Nikampelekea chapati, nikamshonea koti la kazi bila kuombwa, nikampigia pasi shati la Jumapili. Nilikuwa nafanya kama yeye, natengeneza badala ya kusema. Tofauti ni kwamba bati lake lilizuia cheche. Chapati zangu hazikurudisha kitu.

Baadaye mageti yake yalianza kwenda upande. Kwanza bawaba moja, kisha simba mmoja akawa juu ya mwenzake. Wateja wakahamia kwa vijana wa ng'ambo ya barabara. Mimi nilidhani ni huzuni, na nilidhani mwenye kuileta ni mimi, kwa hivyo ndiyo kabisa nikaogopa kusema. Siku moja hakuja, na ya pili, na binti yake akaja kuchukua mashine akasema baba ameacha kazi, yuko nyumbani. Kifua kilikuwa kimejaa ule moshi wa miaka yote, na macho yalikuwa yamekwisha.

Nilikaa miezi mitatu kabla ya kwenda Mwihoko. Miezi mitatu, na ni mwendo ambao ningeweza kwenda kwa miguu!

Nilimkuta ameketi kitandani, kofia yake ya sufi kichwani, blanketi magotini. Binti yake akaniletea chai akatuacha. Fundi aligeuza uso kuelekea mlangoni, pembeni kidogo ya mahali nilipokuwa.

"Ni Mama Shiru," akasema. "Nimesikia viatu."

Tukaongea habari za Kimbo, nani amehama, nani ameoza meno kwa miraa. Alikohoa, nikangoja. Kisha nikasema kwa haraka, kama mtu anayetoa mwiba, "Fundi, yale mawe niliyaosha mimi. Ulijibu wewe na nilikuwa mimi. Nimekuja kuomba msamaha."

"Ai, Mama Shiru. Si najua? Nilikuwa nikusimamishe mbele ya mtoto wa watu, akuone mjinga?" Akatafuta mkono wangu akaupata. "Mimi ndiye niliyabeba nikayatoa kwenye shimo. Tuliosha sisi wawili."

Nikaanza kulia. Aliniacha nilie. Nilipotulia akajisogeza mbele, na nikaona kwamba kuna jambo amelingoja.

"Sasa niambie. Kabla ya kusugua. Uliona nini?"

"Niliona nini wapi?"

"Kwenye vile vitundu. Makaa yalikuwa?"

"Yalikuwa. Mengi."

"Makaa ya mti gani?"

Akaendelea, pole pole, kama mtu aliyeyapanga maneno haya kwa muda mrefu. "Kama ni ya mwati, basi ni juzi tu, maana mwati umeletwa na Wazungu. Lakini kama ni mtamaiyu, ule mgumu, wenye moyo mweusi, ile miti ilikwisha pale kahawa ilipopandwa. Hiyo ingekuwa kabla. Si lazima maabara. Mtu anayejua makaa angeona tu. Na wewe unapiga pasi ya makaa tangu nikujue, unachagua gunia kwa kuvunja kipande. Nilisema, huyu ataona."

"Lakini Fundi, si na wewe uliyaona? Ulichimba siku mbili."

Akatikisa kichwa. "Nilichimba kwa mikono. Macho yalikuwa yameshaenda, Mama Shiru. Ukungu mtupu, tangu mwaka uliotangulia. Ningemwambia nani? Nani angempa kipofu geti? Ndiyo nikakuletea wewe, uniangalilie."

Nje watoto walikuwa wanapiga kelele wakirudi shule, wamevaa sare, na kusema kweli huenda baadhi niliwashonea mimi. Nilijaribu. Nilifumba macho nikajirudisha kwenye lile beseni, nikatafuta kipande kimoja tu, rangi yake, mstari wake, kilivyovunjika chini ya sindano. Nilikumbuka brashi. Nilikumbuka mashati arobaini. Ningeweza kumdanganya. Neno moja tu, mtamaiyu, na angelala vizuri. Lakini uso wake ulikuwa umeelekezwa kwangu, unangoja, na sikuweza kumwongopea mtu ambaye tayari alikuwa amesema uongo kwa ajili yangu.

"Sikuangalia, Fundi," nikasema. "Nilikuwa nasugua tu."

"Hata kimoja?"

"Hata kimoja."

Kisha akaachia mkono wangu, akalivuta blanketi, akalinyoosha juu ya magoti yake.

"Kunywa chai, Mama Shiru," akasema. "Inapoa."